Mabinti watano mbele ya kikao

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii tuko Hesabu 27:1-11, naomba kila mtu afungue Biblia yake asome mwenyewe kabla hajaendelea hapa chini, maana hili andiko ukilipitia haraka haraka unaona ni habari za mashamba tu, kumbe ndani yake kuna uongozi wa wanawake wa aina ambayo sisi huku Moshi tunauhitaji kweli kweli.

Tukiongelea wanawake viongozi kwenye Biblia huwa tunakimbilia kwa Debora, na ni haki yake, alikuwa nabii na mwamuzi, anakaa pale chini ya mtende kati ya Rama na Betheli na watu wanamwendea awaamulie mashauri yao, hadi Baraka akagoma kwenda vitani bila yeye. Hulda naye yupo, nabii mwanamke, kitabu cha torati kilipoonekana hekaluni mfalme Yosia akasema nendeni mkamuulize Bwana, na kuhani mkuu Hilkia na wenzake wakaenda moja kwa moja kwa huyo mama. Lakini hao walishakuwa na nafasi. Mabinti wetu watano, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, hawana cheo chochote. Baba yao Selofehadi amefia jangwani, mtoto wa kiume hana, na kwa utaratibu wa wakati ule jina la mzee ndo limeishia hapo na wao wanabaki mikono mitupu.

Angalia mstari wa 2 wamesimama wapi. Mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, mbele ya Eleazari kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote. Sasa sisi tuliokulia kihambani, kwenye shamba la ukoo la migomba, hii picha tunaijua, ni kikao cha ukoo baada ya matanga, wazee wamekaa kwenye viti chini ya migomba, mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka, mwenyekiti wa ukoo anaanza kugawa, nani achukue huku juu karibu na mfongo (mfereji wa maji), nani achukue kule chini, masale, ile mimea yetu ya mpaka, yapandwe wapi. Na mabinti wa marehemu wako jikoni wanapakua chakula cha hao hao wanaogawa, wanasikia kila neno na hakuna anayewaita. Fikiria watano wafute mikono kwenye kanga watoke wote kwa pamoja waje wasimame katikati ya kile kikao waseme wazee wetu, mbona jina la baba yetu linafutwa na sisi tupo? Wangeambiwa hawana adabu. Lakini soma maneno yao uone adabu iliyomo, wanaeleza kwamba baba yao hakuwa kwenye kundi la Kora waliomwasi Musa, alikufa kwa dhambi yake mwenyewe, hawamsafishi wala hawamtukani mtu, wanaomba milki kati ya ndugu za baba yao basi.

Na Musa! Nampenda sana Musa hapa, hakusema mila ni mila, hakuwarudisha jikoni, alilipeleka shauri lao kwa Bwana. Bwana akajibu kwamba wana haki, wapewe, na ikawa sheria kwa Israeli yote.

Alafu sura ya 36 wazee wa ukoo wanarudi na hoja ambayo nadhani wote tumeisikia, kwamba hawa wataolewa na ardhi itaenda kwa watu wengine. Mungu hakuidharau hiyo hofu, akaagiza waolewe ndani ya kabila la baba yao, lakini urithi wao hakuugusa. Hapo ndo huwa natamani wababa zetu wakae kidogo, kwasababu sisi tukishasema binti ataolewa tunaona mjadala umefungwa, wakati Biblia inaonyesha kuna njia ya kulinda ukoo bila kumnyang'anya mtoto.

Na hata baada ya hapo, Yoshua 17, Musa ameshakufa, inabidi hao mabinti waende tena kukumbusha kwamba Bwana aliagiza tupewe. Ahadi ipo ila lazima mtu asimame aidai. Kwetu ni hivo hivo, mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza iliamua kwamba mwanamke wa Bukoba aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake ana haki ya kuliuza kama mwanaume, zikaja Sheria za Ardhi za 1999 nazo zikatambua haki hiyo, na KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) tangu miaka ya 1990 inabariki wanawake kuwa wachungaji, yaani mama anahubiri Jumapili washarika wote tunaitika amina, Jumatatu kwenye kikao cha ukoo wake haulizwi hata neno moja. Hili linaniuma jamani. Mama Mercy Amba Oduyoye wa Ghana, aliyewakusanya wanatheolojia wanawake wa Afrika pale Accra 1989, amefundisha miaka mingi kwamba mila zetu nazo zipimwe, zinazoleta uzima tuzishike na zinazobana tuziache, na mimi naona masale ya mpaka hayana kosa lolote, kosa liko kwa nani tunampandia.

Wababa wenye mabinti naomba muandike wosia mkiwa bado na nguvu, mashahidi wawepo. Na Jumatano kwenye jumuiya tusome Yoshua 17:3-6 ila kila mtu awe ameshapitia Hesabu 36 nyumbani, najua hapo wazee watakuwa na maneno na ni vizuri wayaseme, tuyajadili Biblia ikiwa wazi.