Kabla Joto la Juni Halijashika

Aprili inaelekea ukingoni hapa Tucson, Arizona, Marekani, na huu ndio wakati wa kupanda juu ya paa. Kwenye nyumba nyingi za zamani za mji huu utaona sanduku la bati lenye matundu ubavuni. Ni kipoza hewa cha maji. Hakina gesi wala kompresa. Kina feni, pampu ndogo na pedi za maranda ya mti wa aspen zinazoloweshwa maji mchana kutwa. Nyumba mpya hujengwa bila chombo hiki, na kwingine kimeng'olewa na tundu la darini likazibwa. Nasikitika kila nikiona tundu limezibwa, maana kwa Mei na Juni sijui kitu kinachoifaa nyumba ya jangwani kuliko hiki.

Kazi yake ni nyepesi kueleza. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua joto la takriban kilojuli 2,400, na joto hilo hutoka kwenye hewa inayopita. Mchana wa Juni wenye nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 10, pedi nzima zikilowa sawasawa hutoa hewa ya nyuzi 23 au 24. Aliyekulia na mtungi wa udongo ameshaelewa. Hata watu wa jangwa hili la Sonora walikuwa na mtungi wao, *olla*, uliotundikwa kivulini ukiwa umefungwa gunia bichi. Wenzetu waliofika hapa kutoka kambi ya Kakuma wanalijua joto kavu la namna hii. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam angekitupa chombo hiki siku ya kwanza, kwa kuwa hewa ya pwani imeshashiba maji na haina pa kuongeza.

Maandalizi yafanyike alfajiri, kabla bati halijaanza kuunguza viganja. Zima umeme kwenye swichi kuu, si ile ya ukutani tu. Gonga paneli kwa mpini wa bisibisi kabla ya kuzing'oa: nyigu hupenda kujenga humo, na buibui mweusi mwenye sumu hujificha kwenye pembe. Toa pedi za mwaka jana uzitupe. Utakuta zimeshikana kwa ukoko mweupe, mgumu kama ule wa chungu. Huo ni chokaa na chumvi. Maji ya Tucson kwa sehemu kubwa ni ya Mto Colorado, yanayoletwa kwa mfereji wa kilomita 540 hivi unaokatiza jangwa, na yana madini mengi. Mvuke unaondoka, madini yanabaki. Yakwangue kwenye beseni la chini kwa bapa la plastiki. La chuma litatoboa rangi, na kutu itaanzia hapo hapo. Siki nyeupe husaidia pale palipogoma.

Kisha ikague mipira midogo, yaani mirija, inayogawa maji juu ya pedi. Hapa ndipo watu wengi wanapopitiwa. Mpira mmoja ukiziba, sehemu ya pedi inabaki kavu, na hewa hufuata njia rahisi: inapita pale pakavu ikiwa na joto na vumbi lake lote, halafu mwenye nyumba anailaumu mota. Pitisha waya kwenye kila mpira, osha kichujio cha pampu, hakikisha sanduku limekaa sawa kwa pimamaji.

Mkanda wa feni uubonyeze katikati kwa kidole. Ukishuka sentimita 2 au 2.5, uko vizuri. Ukilegea zaidi utateleza na kupiga kelele. Ukikazwa mno utaua beringi kabla msimu haujafika nusu. Beringi zenye tundu la oili zinataka matone machache tu. Floti, lile boya linalofunga maji beseni likijaa, nayo irekebishwe ili maji yasimame kama sentimita 2.5 chini ya mdomo wa bomba la kufurikia. Yakizidi, lita na lita zitamwagika juu ya paa bila mtu kujua mpaka bili ije, au dari ianze kuota madoa.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila anayejaribu mota akiwa juu ya paa: usiiwashe paneli zikiwa zimetolewa. Wengi hudhani feni isiyozuiliwa inapumzika, kumbe inavuta hewa nyingi kuliko kipimo chake, mota inabeba mzigo mkubwa na kuungua. Rudisha paneli zote, washa pampu peke yake dakika kadhaa, pedi zilowe kabisa, ndipo uwashe feni. Pedi mpya za aspen hutoa maji ya rangi ya chai siku ya kwanza. Yamwage, ujaze mengine.

Harufu inayoshuka ndani saa hiyo, ya mti mbichi uliolowa, ndiyo inayowarudisha wakazi wa zamani utotoni kuliko picha yoyote. Kwa waliokulia kusini mwa Arizona, hiyo ndiyo harufu ya shule kufungwa. Matunda ya saguaro, ile kaktasi kubwa ya jangwa hili, yanaiva wakati huo huo wa Juni, na Watohono O'odham, wenyeji wa asili wa hapa, wanayaangua kwa miti mirefu iliyofungwa kutokana na mbavu za saguaro lenyewe, wapike asali yake.

Chini, ndani ya nyumba, kazi iliyobaki ni ya madirisha. Kipoza hiki hakizungushi hewa ile ile; hubadilisha hewa yote ya nyumba mara 20 au zaidi kwa saa, na hewa hiyo lazima ipate pa kutokea. Kwa kila futi za ujazo 1,000 za hewa anazosukuma kipoza kwa dakika, acha uwazi wa futi mraba 1 hadi 2. Fungua dirisha la chumba unachotaka kipoe, funga vingine. Ukifunga yote, unyevu utajaa, makabati yatavimba na shuka zitakuwa na unyevunyevu. Ukifungua mno, hewa baridi itatokea dirisha la karibu bila kukufikia. Zamani mama wa nyumba alikuwa anahamisha ubaridi hivyo kutwa nzima: asubuhi jikoni, mchana sebuleni, usiku vyumba vya kulala. Kabla vipoza hivi havijaanza kuenea miaka ya 1930, watu walilala barazani wakitundika shuka zilizoloweshwa, miguu ya vitanda ikiwa ndani ya makopo ya mafuta ya taa ili wadudu wasipande.

Julai mambo hubadilika. Zamani idara ya hali ya hewa ilihesabu kuwa monsuni, majira ya mvua za kiangazi, imeingia Tucson pale wastani wa kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka umande) ulipofika nyuzi 54 za Farenhaiti, kama 12 za Selsiasi, kwa siku tatu mfululizo. Tangu 2008 wanatumia kalenda, kuanzia 15 Juni hadi 30 Septemba. Kwa mwenye kipoza, kipimo cha zamani ndicho cha maana. Vichaka vya kreosoti vikishaanza kunukia mvua, hewa itakayotoka kwenye pedi itakuwa ya nyuzi 27 au 28, tena nzito. Dhoruba ya vumbi nayo ikionekana upeoni, zima feni, la sivyo vumbi lote litaingia kwenye pedi na kuwa tope.

Hapo kiyoyozi kina haki yake. Mwaka 2023 mji wa Phoenix, katika jimbo hili hili, ulipitisha siku 31 mfululizo zenye nyuzi 43 na zaidi, na sitamshauri mzee au mgonjwa ategemee maranda na maji katika joto kama hilo. Lakini kipoza hula takriban robo ya umeme wa kiyoyozi cha nyumba nzima, na Mei haina sababu ya bili kubwa. Nyumba ikiwa na vyote viwili, usiviwashe pamoja. Unapohamia kiyoyozi, panda uteremshe lile bati la kuziba njia ya kipoza. Lisipoteremshwa, ubaridi unaoulipia utapanda na kutokea juu ya paa. Oktoba funga maji, mwaga beseni, na utoe hata maji yaliyobaki ndani ya kile kibomba chembamba cha shaba kinachopeleka maji kwenye kipoza. Usiku wa baridi kali wa Desemba unatosha kukipasua, na ufa hautauona mpaka Aprili ufungue maji tena.