Mala ya mama na maswali 40 ya baiolojia

Hii ni wiki ya nne niko Nairobi. Kila anayenisalimu hapa Umoja anauliza kama nimekuja likizo, nami naitikia tu kwa sababu maelezo ni marefu. Sikuja likizo. Nilitoka Minnesota na kitabu cha baiolojia kilichonimalizia kilo za mizigo ambazo zingebeba zawadi, na nikirudi nina mtihani wa kuingia chuo cha udaktari wa meno, kwa mara ya pili.

Hapa Kenya kijana aliyefanya vizuri KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, anaweza kuingia moja kwa moja kusomea meno. Marekani wengi humaliza shahada ya kwanza, kisha hukaa mtihani unaoitwa DAT. Sehemu yake ya sayansi ina maswali 100 kwa dakika 90: 40 ya baiolojia, yaliyobaki ya kemia. Huna hata dakika moja kwa swali. Hayo 40 ndiyo yaliyoniangusha. Nilikuwa nimekariri. Nikitoka zamu ya usiku, ambako nawatunza wazee, napanda basi na kadi zangu mkononi: hatua za mitosisi (seli inavyogawanyika), homoni za tezi, majina ya vimeng'enya. Kadi moja jambo moja. Swali lilipogeuzwa kidogo, sikuwa na pa kushika.

Jumapili moja nilikuwa jikoni na ukurasa wa jinsi seli inavyopata nguvu. Mama alikuwa anamimina mala, maziwa yaliyoganda, kutoka kwenye jagi la plastiki. Akaniuliza nasoma nini. Nikaanza kwa Kiingereza cha kitabuni, akanikatiza: "Mwanangu, niambie kama unamwambia mtu."

Nikamwambia. Seli inaivunja glukosi vipande viwili na kupata faida ndogo, molekuli mbili za ATP, yaani sarafu ya nguvu ya seli. Oksijeni ikiwepo, vipande hivyo vinaingia kwenye mitokondria, kiwanda cha nguvu cha seli, na faida inaongezeka mara nyingi. Isipokuwepo, seli inabaki na ile faida ndogo, na ili kazi isikwame inavigeuza vile vipande kuwa kitu kingine. Misuli ya mtu anayekimbia kwa kasi inavigeuza kuwa asidi ya laktiki. Hamira inatoa pombe na kaboni dioksaidi.

"Ndiyo maana unga wa maandazi unaumuka," mama akasema. Kisha akainua kikombe chake. "Na hii?"

Na hiyo. Bakteria wanaila sukari ya maziwa, wanatoa asidi ya laktiki, protini za maziwa zinagandana. Nilipolisema hilo kwa mdomo wangu mwenyewe ndipo nikaona kinachofuata, maana nilikuwa nimekisoma sura tatu mbele kana kwamba ni habari nyingine kabisa: bakteria aitwaye Streptococcus mutans anafanya kazi ileile kwenye meno yetu. Anakula sukari, anatoa asidi, na pH juu ya jino (kipimo ambacho kikishuka asidi imezidi) ikienda chini ya takriban 5.5, madini ya enameli, lile ganda gumu la nje la jino, yanaanza kuyeyuka. Mate huja kuisafisha hiyo asidi, lakini yanahitaji muda, nusu saa au zaidi. Mtu anayenywa chai ya sukari fundo moja moja tangu asubuhi hayapi mate nafasi.

Mama aliweka kikombe mezani. "Mbona jino halijiponyi kama kidonda?"

Hilo sikuwa na kadi yake. Nilifungua kitabu mbele yake tukalitafuta. Ngozi ina seli zinazoendelea kugawanyika maisha yote. Enameli ilitengenezwa na seli ziitwazo ameloblasti, na jino likishachomoza kinywani seli hizo zimekwisha kufa. Mate yanaweza kurudisha madini pale ubovu unapoanza, lakini tundu likishatoboka hakuna fundi aliyebaki wa kuliziba. Mitosisi, tishu, asidi, yote yalikuwa ndani ya swali moja la mama.

Tangu siku hiyo nasoma kwa sauti, kwa Kiswahili, na mtu akiwa mbele yangu. Mdogo wangu wa kidato cha tatu alinipa jenetiki: wazazi wawili wenye jeni moja moja ya selimundu, kila mimba ina uwezekano wa robo kupata mtoto mgonjwa. Mimea bado inanishinda, na nimeipangia wiki nzima.

Jana alikuja jirani wa ghorofa ya chini. Amezaliwa Nakuru na meno yake ni ya kahawia. Nimemjua tangu utotoni na sijawahi kumwona akicheka bila kuziba mdomo kwa leso. Nilimweleza kwamba si uchafu wala uzembe wa kupiga mswaki. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa inatia floraidi kwenye maji ya visima, na ikizidi mwilini mwa mtoto wakati enameli inajengwa, inaiharibu kabla jino halijaonekana. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kidogo inaimarisha jino, nyingi inaliharibu.

Alinyamaza muda. Kisha akauliza kuhusu mjukuu wake aliyeko Nakuru, ana miaka miwili, meno yake ya utoto ni meupe. Nikamwambia meno ya ukubwani ya mbele yanajengwa sasa hivi ndani ya taya yake, hata kama hayataonekana kwa miaka minne au mitano.

"Wanachemsha maji," akasema.

Kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi haiendi na mvuke, maji yakipungua yenyewe inabaki sufuriani. Nikamwambia maji ya mtoto ya kunywa na kupikia yawe ya mvua, kama wana tangi. Alitoa simu kwenye mfuko wa aproni na kumpigia binti yake akiwa bado amekaa mezani petu, na leso ilikuwa imemwangukia magotini.