Orodha ya wanachama huharibika kabla haijapakiwa

Karani wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika) ya tumbaku kule Urambo au Kaliua, mkoani Tabora, akipewa kazi ya kuingiza wanachama wote kwenye mfumo mpya wa kompyuta, huanza kupambana na mfumo. Anapakia faili, anaona maandishi mekundu, anapakia tena. Mara nyingi mfumo hauna kosa. Taarifa zimeshaharibiwa na Excel, tena kimyakimya, kwa hiyo kagua faili kwanza.

Hasara kubwa kuliko zote iko kwenye namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, na Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Zinazobaki huzigeuza sifuri. Ikiwa na vistari vyake vya katikati iko salama, kwa sababu Excel huiona kama maandishi. Balaa huanza mtu anapofuta vistari kwa Find and Replace: papo hapo inageuka 1.98804E+19. Wengi wakiona hivyo hubadili muundo wa seli kuwa Number, namba inanyooka, wanafurahi. Ukiitazama vizuri inaishia na 00000. Mfumo unaweza kuipokea bila kulalamika, maana tarakimu ni 20 na nane za mwanzo, yaani tarehe ya kuzaliwa, ziko sawa. Zile tano za mwisho hakuna fomula itakayozirudisha; ni kumfuata mkulima kijijini au kufukua fomu yake ya karatasi.

Kwa hiyo ipe safu hiyo muundo wa Text kabla ya kubandika chochote. Vistari viondoe kwa =SUBSTITUTE(C2,"-",""), ambayo jibu lake hubaki maandishi. Kisha kagua kwa =ISTEXT(C2), ambayo hujibu TRUE kama seli ni maandishi. Usitegemee LEN, ile ya kuhesabu herufi, peke yake: namba iliyoharibika nayo inaweza kuhesabiwa herufi 20, kwa kuwa Excel huisoma pamoja na nukta na E+19.

Namba za simu zina ugonjwa wa jinsi hiyo, ila wenyewe unatibika. Sifuri ya mbele hupotea, 0 na 255 huchanganywa, na 255 yenye tarakimu 12 ikihifadhiwa kwenye CSV (faili la maandishi matupu ambalo mifumo hupokea) huandikwa 2.55765E+11. Zisawazishe zote kabla ya kuhifadhi:

="255"&RIGHT(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2," ",""),CHAR(160),""),9)

CHAR(160) ni nafasi isiyovunjika inayokuja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye kurasa za intaneti, na TRIM, fomula ya kufuta nafasi za ziada, haiiondoi. Jibu lisilofika herufi 12 lichunguze kwa jicho. Na pale mwanachama alipoandikiwa namba mbili kwenye seli moja, fomula itachukua ya mwisho bila kukuuliza, basi zitenganishe mapema.

Kwa Tabora kuna jambo la majina yenye ng'. Simu na Word hupenda kuweka ritifaa iliyopinda, kompyuta nyingine huweka iliyonyooka. Kwa mfumo hayo ni majina mawili tofauti, na kumtafuta Ng'wandu kunaleta nusu ya ukoo. Chagua iliyonyooka kwa wote, na hifadhi kama CSV UTF-8. Ukiona Ngâ€™wandu, faili limesomwa kwa usimbaji usio wake.

Tarehe ziandike 1988-04-03, maana 03/04/1988 kompyuta moja huisoma Aprili na nyingine Machi. Baada ya kuhifadhi CSV, usiifungue tena kwa kubofya mara mbili; Excel itarudia uharibifu wote. Ikague kwa Notepad.

Kabla ya kupakia orodha nzima, sajili mwanachama mmoja kwa mkono ndani ya mfumo, kisha zitoe taarifa zake kama faili. Hapo utaona majina halisi ya safu na jinsi mfumo unavyoandika tawi, jinsia na tarehe. Njia hii naiamini kuliko mwongozo wowote. Matawi yaingie kwanza, wanachama baadaye. Kama mfumo unamtambua mtu kwa baruapepe, usijaze baruapepe ya ofisi kwa wote, kwani utakataa kuanzia wa pili au, vibaya zaidi, utamwandika kila mmoja juu ya mwenzake. Tumia namba ya uanachama. Zima pia ujumbe wa ukaribisho, la sivyo kijiji kizima kitapata SMS za majaribio.

Anza na mistari mitano, halafu pakia mafungu ya 200 hivi. Intaneti au umeme ukikatika katikati, usirudie fungu lile lile haraka. Toa orodha iliyokwisha kuingia, ilinganishe na faili lako kwa namba za uanachama, ukitumia COUNTIF, inayohesabu namba fulani imo mara ngapi kwenye orodha, kisha pakia waliosalia tu.