Terlano: nimelipia mpaka kiti

Ngoja nianze na bili maana ndiyo bado inaniuma. Yuro 2.50 kila kichwa, sio ya chakula, sio ya maji (maji nayo tulilipia), ni ya kukaa tu! Huku Italia wanaita coperto. Nikiwa peke yangu Verona huwa naikwepa, nakula nimesimama kaunta, ila safari hii nilikuwa na binamu yangu katoka Dodoma, ningemsimamishaje mgeni.

Tulichukua treni mpaka Bolzano, tukabadili ile ya kwenda Merano, tukashuka Terlano, kijiji cha kaskazini mwa Italia. Nikaingia mgahawani na Kiitaliano changu cha kujidai, mama mwenye mgahawa akanijibu Kijerumani. Kumbe huku mpaka vita ya kwanza ilikuwa Austria, Italia walipewa kwa mkataba wa 1919, na wengi mpaka leo nyumbani wanaongea Kijerumani.

Nikaagiza waini nyekundu. Mama akakataa. Sio kwamba haipo, ipo, naiona pale kwenye shelfu, kakataa tu kuileta! Ilikuwa mwezi wa tano, msimu wa asparaga nyeupe (mboga ya machipukizi), akasema ukila asparaga na nyekundu ni kama unalamba msumari. Akaleta glasi mbili za Terlaner, waini nyeupe ya hapohapo, bila kuuliza.

Sasa sahani yenyewe: asparaga nono kama vimihogo vilivyomenywa, viazi vya kuchemsha, na sosi ya mayai yaliyochemshwa yakapondwa na haradali, siki na mafuta. Pembeni nyama ya nguruwe. Binamu yangu ni Msabato, akaisukuma kwangu kimya kimya, na glasi yake ikafuata. Basi nikawa na kazi ya watu wawili.

Na ilienda jamani. Asparaga ina kauchungu fulani mwishoni, sosi nayo nzito, ukipiga funda la ile waini ya baridi, kama umeng'ata tofaa bichi, mdomo unasafishika unataka tena. Mama akaniambia ni zabibu za aina tatu: Pinot Bianco ndiyo nyingi, kama asilimia 60, inaleta ule ukali, Chardonnay inalainisha, Sauvignon kidogo tu ya harufu. Nikasema basi ni pilau, iliki ukizidisha umeharibu. Nilijitahidi kumtafsiria, akanitazama tu.

Nje mizabibu imepanda mlimani kwenye mawe mekundu ya volkano, ukiinua macho ni majabali matupu. Wakulima wenyewe wana ushirika tangu 1893 na waini inatengenezwa palepale kijijini. Hapo ndipo binamu akanyamaza kabisa, kwao Mpunguzi, Dodoma, wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, hawa mara moja, halafu kuna misimu baba yake anazunguka na zabibu akitafuta mnunuzi mpaka zinamwozea. Na waini yetu ya Dodoma sijawahi kusikia mtu akikataa kunipa eti haiendi na nyama choma, unaletewa iliyopo.

Kwenye treni ya kurudi akampigia mzee simu, akamsimulia milima, ushirika, mpaka kile kiti cha kulipia. Mzee akasikiliza weee, halafu akauliza kilo wanauza bei gani.

Tukatazamana. Hakuna aliyeuliza.