Tulivyofuata maji ya bomba letu hadi Amani

Mwanangu wa kati, aliyekuwa darasa la nne wakati huo, alirudi nyumbani na kazi ya shule iliyomtaka aeleze maji yanayotumiwa nyumbani kwao hutoka wapi. Aliandika "bombani". Nilikaa naye nikamweleza kwamba maji ya Jiji la Tanga huchukuliwa katika bwawa la Mabayani, kwamba bwawa hilo hujazwa na Mto Zigi, ambao wengine huuita Sigi, na kwamba mto huo huanzia katika misitu ya Usambara Mashariki, juu kule Amani wilayani Muheza. Alinisikiliza kwa adabu na kuyaandika yote, lakini niliona wazi kwamba kwake hayo yalikuwa majina ya kukariri tu. Usiku ule mimi na mume wangu tulikubaliana kwamba likizo ya mwezi wa sita itakapofika tutawapeleka watoto wote watatu wakaone wenyewe, na kwamba safari hii hatutarudia makosa ya mwaka uliotangulia.

Maana tulikuwa tumekwenda Amani mara moja kabla ya hapo, na tulishindwa. Tuliondoka Tanga tukiwa tumechelewa, tukafika lango la hifadhi pale Sigi karibu na saa sita mchana, tukaanza kupanda kwa miguu kwa sababu mume wangu aliamini kwamba mlima ni wa kupandwa. Sigi ipo kwenye mwinuko wa mita 450 hivi kutoka usawa wa bahari, na Amani imepita mita 900, kwa hiyo mtu aliyezaliwa na kukulia Ngamiani jijini Tanga, ambako ardhi ni tambarare kama meza, hupanda kimo asichokuwa amekipanda maisha yake yote. Kitinda mimba wetu, aliyekuwa na miaka mitano, alianza kulia kabla hatujafika mbali. Halafu mvua ikanyesha, nasi hatukuwa na hata koti moja la mvua, kwa kuwa tulidhani masika yamekwisha. Tulirudi nyumbani tumelowa, na kwa miezi mingi neno Amani lilipotajwa watoto walinyamaza.

Mara ya pili nilianza maandalizi wiki sita kabla. Kila Jumapili alfajiri tulitembea kutoka Ngamiani hadi Raskazone na kurudi, tukiwa tumevaa viatu vile vile tulivyokusudia kupandia mlima. Vilikuwa viatu vya mtumba, vizito, vyenye soli za meno, na faida ya mazoezi hayo haikuwa nguvu za miguu pekee: ilikuwa kugundua mapema kwamba viatu vya binti yetu mkubwa vilimchubua kisigino. Tulivibadilisha, na kila mtoto nikamnunulia soksi nene jozi tatu. Kama kuna kitu kimoja ambacho ningemsihi mzazi yeyote asikidharau, ni soksi kavu.

Jambo la pili tulilolibadilisha lilikuwa mwelekeo. Tuliamua kulala usiku wa kwanza Sigi, kando ya mto, kisha asubuhi tupande kwa gari hadi Amani, tulale huko, na siku ya tatu tushuke kwa miguu hadi Sigi. Kwa namna hiyo watoto wangetembea kule yanakokwenda maji yenyewe. Mume wangu alisita kidogo, kisha akakubali.

Muheza tulimchukua mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Bibi wa Muheza. Nilikuwa na hofu juu ya magoti yake, lakini alisema yeye hatatembea. Atapanda na kushuka na gari, atapika, na atalinda mahema. Alitoka nje akiwa na kapu la machungwa, mkeka, na mfuko wa majivu kutoka jikoni kwake. Nilimuuliza, "Mama, majivu ya nini?" Akanijibu, "Mwanangu, msituni kuna siafu." Tulikuwa tumebeba jiko dogo la gesi ili tusiguse kuni za hifadhi, kwa hiyo majivu yetu tusingeyapata kwingine. Jioni ile alizungushia kila hema ukanda wa majivu wenye upana wa kiganja, nasi tukalala salama. Asubuhi tuliona msafara wa siafu umepita hatua chache tu kutoka mahali watoto walipolala.

Pale Sigi bado imesimama nyumba ya mbao ya mkuu wa stesheni ya zamani, kwa sababu enzi za Wajerumani reli ndogo ilitoka Tengeni hadi hapo kwa ajili ya kushusha mbao za msituni. Reli yenyewe haipo tena. Binti yetu mkubwa alivutiwa sana na nyumba hiyo na akabaki humo akisoma yaliyobandikwa ukutani hadi chakula cha mchana kilipopoa.

Amani kwenyewe kulitupokea kwa ukungu. Wakazi wa pwani hatujui baridi, na ingawa nilikuwa nimepakia sweta kwa kila mtu, usiku nilijilaumu kwa kutobeba kofia za sufu. Tulimkodi mwongoza wageni wa hifadhi, kijana mpole mwenye subira kubwa kwa watoto, naye ndiye aliyeifanya siku ya pili kuwa na thamani kuliko zote. Alitutembeza katika bustani ya miti iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, ambamo walipanda miti kutoka mabara mbalimbali ili waone ipi ingestawi, ukiwamo mkwinini, mti ambao magome yake hutoa dawa ya kwinini iliyotibu malaria. Alituonyesha mbega weusi wenye mabega meupe, na hondohondo ambao mabawa yao yalivuma juu yetu kwa sauti nzito hata kitinda mimba akainama. Usiku alituchukua na tochi kutafuta vinyonga. Kinyonga anapolala rangi yake hupauka, na mwanga wa tochi ukimgonga kwenye ncha ya tawi huonekana kama jani jeupe. Watoto waliwahesabu kumi na mmoja.

Lakini kilichonigusa mimi kilikuwa ua. Kwenye mwamba wenye kivuli, uliokuwa ukitiririka maji, mwongoza wageni alitusimamisha na kutuonyesha mmea mdogo wenye majani ya manyoya laini na maua ya zambarau. Alitueleza kwamba Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani hapa Tanga, alipeleka mmea huo kwao, ukapewa jina la kitaalamu la Saintpaulia mwaka 1893, na leo watu wa nchi za mbali huuweka katika vyungu madirishani mwao. Nimeishi Tanga maisha yangu yote bila kujua kwamba ua hilo ni letu. Mwanangu wa kati aliuliza kama anaweza kuchuma moja ampelekee mwalimu. Mwongoza wageni alimwambia kwamba ua hili huishi mahali ambapo msitu huweka kivuli na mwamba huwa na unyevu, na kwamba msitu ukikatwa maua hukauka kwanza, kisha vijito, kisha mto. Mtoto alirudisha mkono wake. Kwa mara ya kwanza nilimwona anaelewa kwamba Zigi na bomba letu ni kitu kimoja.

Siku ya tatu tulianza kushuka saa mbili asubuhi. Kanuni yetu ilikuwa kwamba kitinda mimba atembee mbele na sisi sote tufuate mwendo wake, na kwamba kila baada ya nusu saa tuketi, hata kama hakuna aliyechoka, tule karanga, yai la kuchemsha au kashata. Mvua ilinyesha mara mbili, kwa kuwa milima hii hupata mvua hata wakati wa kipupwe, lakini safari hii kila mtu alikuwa na koti lake, na nguo za akiba zilikuwa ndani ya mifuko ya plastiki. Tatizo lilitokea mahali ambapo sikulitarajia: kushuka hakuchoshi pumzi, lakini huumiza magoti ya watu wazima, na mume wangu alilazimika kupunguza mwendo nusu nzima ya njia, akiegemea fimbo aliyoazimwa na mwongoza wageni. Ningejua mapema, ningebeba fimbo kwa kila mtu mzima.

Karibu na mwanzo wa njia tulivuka kijito, na kitinda mimba akadondosha jani majini, akisema analituma nyumbani. Alilizungumzia njia nzima. Tulifika Sigi baada ya saa nne na nusu za kutembea na kupumzika. Bibi alikuwa ametandika mkeka na chai ya iliki iko tayari, lakini mtoto alivua viatu na kwenda moja kwa moja mtoni, akasimama kwenye maji ya kina kifupi huku baba yake amemshika mkono.

"Bibi, jani langu limeshapita?" akauliza.

"Limepita kitambo, mjukuu wangu," Bibi akamjibu. "Njoo unywe chai, utalikuta Tanga."