Siku moja maishani mwangu: mimi ndo naamua gari itoke saa ngapi

Saa 11 alfajiri simu inaanza. Huku Kigoma jua linachelewa, saa 12 na nusu bado giza giza, ila wamama wa dagaa wako macho zamani wanataka gari ya Kibirizi, ufukweni dagaa wanakoshushwa. Nakaa mtaa wa Mwanga na simu mbili, napokea oda, tuna Noah sita na hazina ratiba, zinafuata watu walipo.

Jana kabla sijalala niliangalia mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, dagaa wanafuata taa na taa inataka giza, kwahiyo asubuhi yake Kibirizi panapoa na ukipeleka gari tatu umechoma mafuta bure. Jana giza. Nimepeleka tatu, zimejaa.

Saa 2 ndo pagumu. Oda ya Ujiji, bibi anaenda kliniki hospitali ya Maweni. Shikamoo bibi, gari ishafika hapo? Imefika, lakini dereva ananipigia, dada tusubiri vichwa vijae, hesabu ya bosi, ile hela ya kila siku, haipungui. Nae ana haki yake jamani. Ila oda zikiingia moja kila dakika tano, mpaka mpate wa saba yule bibi kakaa nusu saa nzima, wa saba hajasubiri hata kidogo. Mwaka jana nilisubirisha hivyohivyo, mama mmoja akaikosa boti ya kwao akalala ufukweni na mtoto mgongoni. Inaniuma mpaka leo. Toka hapo kwangu dakika 15 za abiria wa kwanza zikiisha gari inatoka, wawe wanne wawe watatu, wengine nawatafutia njiani hukohuko.

Mchana kimya, nimekula ugali na samaki, mgebuka.

Saa 10 jioni. Leo siku ya treni ya kutoka Dar, jamaa wa stesheni kasema imepita Uvinza. Hapo nageuza mambo, gari mbili nazizuia hazina mtu ndani wakati oda za Mwandiga zipo, madereva wananuna kweli, nimeachia moja tu inayowahi kwenda na kurudi. Zote zikiwa mbali watu wanashuka na mizigo na watoto wamechoka hawana pa kupanda.

Treni imeingia usiku, zile gari mbili zimejaa ndani ya dakika tano.

Saa 3 usiku oda moja, binti yuko peke yake, anaenda Gungu. Nimemwambia dereva nenda tu, mafuta tutaongea kesho.