Kiangazi cha Kurudia Yale Yale

Likizo ndefu ya kiangazi ilipokaribia, mimi na mume wangu tulikubaliana kwamba safari hii hatutawajazia watoto ratiba. Tunao watatu: binti yetu, kifungua mimba, mwenye umri wa miaka 6; mdogo wake wa kiume mwenye miaka 4; na kitinda mimba, ambaye likizo ilimkuta na mwaka mmoja akiwa bado ni wa kutambaa. Katika miezi ya shule, mtoto akianza tu kunogewa na jambo jipya hukatizwa, kwa kuwa ni saa ya kuoga, au gari linasubiri, au mzazi anawahi kazini, na kesho yake huanza upya akiwa amepoteza nusu ya alichokipata jana. Kwa maoni yangu, zawadi kubwa ambayo likizo inaweza kumpa mtoto mdogo ni ruhusa ya kurudia jambo lile lile mpaka yeye mwenyewe aseme basi. Tulichagua mambo machache, yaani maji, baiskeli, uwanja wa nyasi na vitabu, tukayarudia karibu kila siku, na hatua zote nilizozishuhudia kwa watoto hawa zilitokana na kurudia huko.

Nianze na kitinda mimba, kwa kuwa ndiye aliyezungumziwa zaidi. Jamaa walikuwa wameanza kutuuliza mapema: "Mbona huyu hatembei bado, na dada yake kwa umri huu alikuwa anakimbia?" Maswali ya namna hiyo yana upendo ndani yake, lakini humtia mzazi wasiwasi asioustahili. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2006, ambao uliwafuatilia watoto wenye afya njema katika nchi za Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, ulionyesha kwamba kutembea bila kushikwa huweza kuanza wakati wowote tangu mtoto apitapo kidogo miezi 8 hadi apitapo miezi 17, na kwamba asilimia 4 hivi ya watoto hao hawakuwahi kutambaa kwa mikono na magoti. Upana wa muda huo ulinituliza sana. Mtoto aliyefikisha miezi 18 bila kuanza kutembea apelekwe kwa daktari akaangaliwe. Aliye ndani ya muda huo, na ambaye kwa mengine anaendelea vizuri, anahitaji sakafu iliyo wazi, miguu peku na mtu wa kumkaa karibu.

Kwa hiyo tulimwandalia sakafu. Meza yenye pembe kali iliondolewa sebuleni, kabati la vitabu likafungwa kwenye ukuta ili lisimwangukie akilivuta, na nyaya za umeme zikapandishwa juu. Tulikuwa tumepewa pia kile kiti chenye magurudumu ambacho mtoto hukalishwa ndani yake akakisukuma kwa miguu, nasi tulimshukuru kwa moyo aliyetupa, lakini hatukukitumia. Viti hivyo havimwahishi mtoto kutembea, na vimewaumiza wengi kwa kuporomoka navyo kwenye ngazi, kiasi kwamba Kanada ilivipiga marufuku mwaka 2004.

Kumtazama mtoto anayejifunza kusimama dede, ukiwa huna haraka ya kwenda kokote, ni raha ambayo sikuipata kwa ukamilifu kwa hawa wakubwa. Alikuwa akijiinua kwa kushika kigoda, akaachia mkono mmoja, kisha wa pili, tumbo likiwa mbele, vidole vya miguu vimeng'ang'ania sakafu na kope hazipepesi, halafu magoti yakalegea akaketi kwa kishindo, akageuka kukitafuta kigoda na kuanza tena. Hakulia na wala hakutafuta kusifiwa. Karen Adolph na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York, katika utafiti wao wa mwaka 2012, waliwahesabia watoto wa kati ya miezi 12 na 19 walioachwa wacheze watakavyo, wakakuta kwamba kwa wastani mtoto hupiga hatua zaidi ya 2,300 kwa saa moja na kuanguka mara 17. Niliposoma takwimu hizo nilielewa kwa nini mtoto huyu alilala fofofo kila mchana, na pia kwa nini kumbeba kila anapotaka kwenda mahali ni kumnyima mazoezi anayoyahitaji. Siku alipokiacha kigoda na kujikongoja hadi kwa dada yake, wa kwanza kupaza sauti alikuwa dada mwenyewe, na kwa muda wote uliobaki wa likizo alijiona kuwa ndiye mwalimu wake.

Wa kati alikuwa na baiskeli moyoni. Badala ya kumfungia magurudumu madogo ya pembeni, baba yake alizifungua pedali zote mbili, akakishusha kiti mpaka nyayo za mtoto zikakanyaga chini sawasawa, akampeleka kwenye nyasi zenye mteremko mdogo. Sababu yake inaeleweka: jambo gumu katika baiskeli ni kujizuia usianguke ubavu, na magurudumu ya pembeni humwondolea mtoto jambo hilo hasa analopaswa kujifunza, ilhali kukanyaga pedali hakuna ugumu wowote kwa mtoto wa miaka 4. Hata chombo chenyewe kilizaliwa kwa mpangilio huo. Karl Drais, Mjerumani wa Mannheim, alitoka na chombo chake cha magurudumu mawili mwaka 1817 kikiwa hakina pedali kabisa, mpandaji akijisukuma kwa miguu, na pedali zilikuja kufungwa kwenye gurudumu la mbele miaka ya 1860 kule Ufaransa.

Mwanzoni mwanangu alitembea tu na baiskeli ikiwa katikati ya miguu yake, jambo ambalo kwa mtazamaji halikuwa na dalili yoyote ya maendeleo, na mume wangu alilazimika kujizuia asiingilie. Kisha hatua zake zikawa ndefu, halafu akaanza kuinua miguu yote miwili kwa nukta moja, kwa nukta mbili, mpaka akawa anateremka mteremko mzima miguu ikiwa hewani. Pedali ziliporudishwa, baba yake alikimbia kando yake mikono ikiwa wazi bila kumgusa, na mtoto akapiga kelele, "Baba, usinishike!" kumbe hakuwa ameshikwa hata kidogo. Helmeti ilikuwa sharti tangu siku ya kwanza, hata kwenye nyasi na hata kwa mwendo wa kutembea, ikiwa imeshuka hadi juu kidogo ya nyusi na mkanda wake umekazwa chini ya kidevu. Mtoto aliyeanza nayo huiona kuwa ni sehemu ya baiskeli na habishani nayo.

Maji nitayasemea kwa urefu zaidi, kwa sababu ndipo penye furaha kubwa na hatari kubwa kwa wakati mmoja. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kwamba kuzama huua watu wapatao 300,000 kwa mwaka duniani kote, na watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 4 ni miongoni mwa wanaofa zaidi. Tena mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala kurusha mikono kama watu wanavyodhani. Kinywa kiko majini, hana pumzi ya kuita, na jambo zima huweza kwisha kimya kimya huku watu wazima wakizungumza hatua chache tu kutoka pale alipo. Kwa hiyo kanuni yetu ilikuwa moja. Kila mara watoto walipokuwa majini au karibu na maji, mtu mzima mmoja alikuwa na kazi ya kuwatazama na hakuwa na kazi nyingine, simu ikiwa mbali naye. Na zamu ilipobadilika, tuliitamka kwa sauti, "Sasa ni zamu yako," na mwenzake akajibu, ili kusitokee hata nukta moja ambayo kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayeangalia. Kwa hawa wawili wadogo, mtu huyo alikuwa ndani ya maji pamoja nao, karibu kiasi cha kuwafikia kwa mkono. Mikono ya plastiki ya kupuliziwa hewa haikuhesabiwa kuwa ulinzi, kwa sababu huchomoka na hupasuka.

Binti yetu aliingia kiangazi hiki akiwa anaogopa maji yasimwingie masikioni, na hofu hiyo ndiyo iliyomfanya akaze shingo na kuinua kichwa, na anayeinua kichwa hushuka miguu. Hatukumlazimisha. Siku za mwanzo alipuliza mapovu tu, akaulowesha uso, akachungulia chini na kuokota vitu vilivyozama mahali maji yanapomfika kiunoni. Kisha nikamshika kisogoni na mgongoni alale chali, nikamwambia avute pumzi nyingi aizuie kifuani, aone jinsi mwili unavyopanda, akitoa pumzi, unashuka, akivuta, unapanda. Jambo hilo alilirudia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akicheka kila anapopanda, na nilikuja kutambua kwamba alikuwa ameyasahau masikio yake, ambayo muda wote huo yalikuwa ndani ya maji. Mkono wangu ulibaki chini yake, kisha kidole, kisha hakuna. Kupiga miguu na kujisukuma kutoka ukutani kulifuata bila taabu kubwa, na mwisho wa likizo aliweza kuogelea umbali mfupi, kugeuka chali kupumzika, na kurudi ukutani, hali ambayo naiona kuwa na maana zaidi kuliko mtindo wowote mzuri wa kuogelea.

Katika siku hizo hizo jino lake la kwanza liling'oka, la chini mbele, kama ilivyo kwa watoto wengi wanapokuwa na miaka 6 hivi. Alilisukuma kwa ulimi majuma kadhaa, akiuliza kama yote yataanguka pamoja, nami nikamweleza kwamba meno ya utotoni ni 20 na hubadilika kidogo kidogo kwa miaka mingi, na kwamba jino la ukubwani likiwa linapanda huumumunya mzizi wa lile la juu yake mpaka likakosa pa kushikilia. Alipolishika mkononi alishangaa kuona kweli halina mzizi.

Mchana jua lilipokuwa kali tulikaa kivulini au ndani, na kuna nyakati wakubwa walikuja kulalamika, "Mama, hatuna la kufanya." Nilijifunza kutojibu upesi. Wakiachwa kidogo, walijichimbia mifereji udongoni na kumimina maji waone yanakokwenda, wakabishana, wakajenga upya. Kitinda mimba akiwa kando na kikombe chake, akimimina pia, bila kujali wenzake wanafanya nini. Mildred Parten, mtafiti wa Marekani aliyeandika kuhusu michezo ya watoto mwaka 1932, aliutaja uchezaji huo wa bega kwa bega kuwa ni hatua mojawapo katika safari ya kujifunza kucheza na wengine, kwa hiyo sikumvuta mdogo aingie katika mchezo wa wakubwa. Runinga na simu tuliziweka chini ya saa moja kwa siku kwa wakubwa, na kitinda mimba hakupewa kabisa, na saa ya kulala haikusogezwa kwa kisingizio cha likizo, kwa kuwa mtoto aliyekosa usingizi hana subira ya kurudia lolote.

Jioni zilikuwa za vitabu, na hapa wa kati alituchosha kwa namna ambayo leo naishukuru, kwa sababu alitaka kitabu kile kile kila siku. Mwaka 2011 Jessica Horst na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex nchini Uingereza walionyesha kwamba watoto wa miaka 3 waliosomewa hadithi zile zile kwa kurudiarudia waliyashika maneno mapya vizuri kuliko waliosomewa hadithi mbalimbali zenye maneno hayo hayo. Nililiona kwa mwanangu. Kwanza alisikiliza tu, kisha akawa ananisahihisha nikiruka neno, kisha akaanza kuyatumia maneno ya kitabu mezani na bafuni, na hatimaye nikamkuta amemketisha mdogo wake, anafunua kurasa na "kumsomea" kwa kichwa, akiupata karibu kila mstari mahali pake. Dada yake, ambaye tayari anazijua herufi, alianza kumwonyesha kwa kidole neno alilolitamka, na hao wawili wameendelea hivyo bila sisi kuwaagiza.

Yote haya nimeyaandika katika daftari moja lenye sehemu ya kila mtoto, tarehe na sentensi mbili tatu, pamoja na maneno yao wenyewe kama walivyoyasema, kwa sababu picha huonyesha sura lakini hazionyeshi mtoto aliuliza nini.

Shule zimefunguliwa na muda wetu umepungua tena, ila tumeamua jioni ya kila siku ibaki na saa moja isiyo na ratiba. Binti yetu anataka kuruhusiwa kwenye kina kirefu, na tumekubaliana naye kwamba kwanza aweze kukaa juu ya maji kwa kuelea na kupiga miguu bila kugusa chini wala ukuta kwa muda tutakaompimia. Wa kati amehamia kwenye breki. Kitinda mimba ameshaizoea sakafu na sasa amegeukia ngazi. Tumefunga kigeti juu na chini, na kila jioni mmoja wetu hukifungua, akasimama nyuma yake daraja moja chini, akamwacha apande, kisha akamgeuza ili ashuke kwa kutanguliza miguu, na akifika chini huanza kupanda tena.